Kitanda cha Springi

Mimi ndiye yule mjinga wa mtaa wa Tshopo aliyepokea wazungu bila suruali, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa majirani, maana wao huongeza chumvi.

Miaka ile ya Wabeleji nilikuwa karani, nikaomba ile karata ya évolué (yaani cheti kwamba wewe mweusi umestaarabika, hebu sikieni!), kwa sababu mwenye karata hakuchapwa fimbo wala hakukamatwa akitembea usiku. Lakini kwanza komisyo, wazungu wa kukagua, ilikuja nyumbani kuangalia kama unakula kwa uma na kulala kama mutu. Bon, nikanunua kitanda cha springi. Kikawa kinalia kama bata kila nikijigeuza, usingizi ukanihama. Halafu, kwa akili yangu kubwa, nikasoma gazetini kwamba asiyelala masaa nane kichwa chake kinaharibika, donc nikaanza kulala na saa mkononi, nahesabu: yamebaki matano, yamebaki mawili, nitawajibu nini wale wazungu na kichwa kibovu? Kadiri nilivyohesabu ndivyo macho yalivyokauka. Bibi yangu wa ndoa, Zaina, alikuwa chini, kwenye mukeka, anakoroma raha mustarehe.

Wiki mbili hivyo. Siku yenyewe, komisyo ingefika saa kumi, saa nane nikaona nijinyooshe kidogo tu, lakini si kitandani (shuka zingekunjika!), basi nikaenda jiko la uani, nikavua suruali niliyoipiga pasi, tai nikaiacha shingoni, nikajilaza karibu na majivu. Usingizi ukaniangukia kama gunia la muchele.

Wazungu wawili wakaja mapema. Zaina akawaonyesha chumba. Mmoja wao, mzee, akabonyeza kitanda, bata akalia.

"Bwana yako analalaka hapa?"

"Hapana, Bwana," akajibu Zaina, mwanamke asiyejua uongo. "Hii ni ya kuonyesha ninyi. Yeye iko kwa jiko, muende muone."

Wakaja, majirani nyuma yao. Nikaruka, majivu usoni, nikaanza kutoa ile hotuba ya Kifaransa niliyoikariri, mpaka mwisho, na miguu wazi.

Mzee akauliza, "Umelala muzuri?"

"Sana, Bwana. Tangu niombe karata sijalala hivi."

Majirani wakaanguka kwa kicheko. Karata sikuipata.

"Ungeniambia niseme uongo, papa," Zaina akaniambia jioni, "ningejaribu."

Nikaapa: mutu yeyote, mweupe ao mweusi, asije tena kunikagulia usingizi.