Majani ya Migomba ya Buguruni

Siku ya kwanza kazini, pale Kibamba, sikushikishwa uyoga. Msimamizi wa banda, Mama Tesha, alinipa fungu la majani ya mpunga yaliyotoka kuchemshwa kwenye pipa, akaniambia, "Kamua." Nikakamua, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Maji yote haya, hapo umeshaniozeshea mfuko wa uyoga, Mwanahawa. Ukikamua, litoke tone moja, mawili, basi."

Darasa la nne ndio mwisho wangu, lakini somo hilo lilinikaa mkononi. Tulikuwa tunaotesha mamama, ule uyoga mpana kama sikio. Mbegu yake ni punje za mtama zilizoshikwa na utando mweupe. Unazipanga tabaka kwa tabaka na mabaki ya mazao ndani ya mfuko wa nailoni, unafunga, unaweka gizani mpaka mfuko wote ugeuke mweupe.

Mwaka mmoja stoo ilivuja, majani yetu yote ya mpunga yakaota ukungu wa kijani. Mbegu ilikuwa imeshafika, nayo haingoji. Mwenye shamba, Mzee Kondo, akasimama mlangoni. "Msimu huu ukiharibika, banda nafugia kuku. Nyie mrudi makwenu."

"Mzee," nikasema, "sokoni Buguruni ndizi zinashushwa zimefunikwa majani makavu ya migomba. Wanayatupa tu."

Mama Tesha akacheka. "Sie tunaotesha uyoga, mwenzetu anataka kuivisha ndizi!"

"Akayalete," akasema Mzee Kondo. "Yakioza, yeye ndiye atakayewaaga wenzake."

Mie na Bi Chiku, mwenzangu wa bandani, tuliyabeba kwa magunia, tukayakatakata, tukayachemsha. Nikakamua: tone moja. Tukajaza mifuko kumi kwanza, ya kujaribia. Baada ya wiki, saba ilikuwa inanuka, maji meusi yametuama chini, na mbegu iliyobaki ilitosha mara moja tu.

Nikakaa juu ya ndoo, nikapasua mfuko mmoja, nikapekua kipande kwa kipande. Jani lenyewe lilikuwa sawa. Ule uti wa katikati ndio uliokuwa umejaa maji kama sifongo, na kiganja kilipokamua hakikuyahisi maji yake.

"Mama Tesha, tunyofoe uti."

"Majani yote haya?"

"Yote."

Akaniangalia, kisha akavuta ndoo yake akakaa pembeni yangu. Tulinyofoa siku mbili, kucha zikawa nyeusi. Safari hii mifuko ikageuka myeupe. Mzee Kondo alipoona uyoga unachomoza, alisema neno moja tu: "Kuku basi."

Miaka ikaenda, nikazeekea bandani. Mwaka jana vidole vyangu vikaanza kugoma kufumba. Nakamua, maji hayatoki, nami nadhani majani yako sawa, kumbe nguvu ndiyo hamna. Nilipopitisha mifuko mitatu mibovu, nikamfuata Mama Neema, msimamizi wa sasa, nikaaga mwenyewe. Alilia yeye, mie sikulia.

Ijumaa napitaga bandani, wananipa kiti. Mama Neema anakuja na majani yake ya migomba, anakamua mbele yangu.

"Shikamoo, Bibi. Yametosha haya?"

Natazama tone likining'inia katikati ya vidole vyake.

"Marahaba. Uti mmenyofoa?"