Tulikwenda Mombasa Watatu

Siku zetu zile, mtoto wa Tanga akiambiwa kesho anapelekwa Mombasa, usingizi ulimruka usiku kucha. Si kama hawa wa leo, wanaosinzia garini tangu Horohoro mpaka Likoni, halafu wakashuka na kulalamika joto. Kwetu sisi, miaka ile ya hamsini, Mombasa ilikuwa ng'ambo. Serikali nyingine, askari wengine, tena Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na mabasi yakisimamishwa njiani watu wakapekuliwa.

Tulikuwa wasichana watatu wa Ngamiani: mimi, Mariamu na Zuhura. Chuo chetu cha Kurani kimoja, na uwanja wetu wa kuchezea rede ulikuwa uani kwa bibi yake Zuhura. Bibi ndiye aliyemlea, maana mamake alikuwa amefariki na babake ameoa tena huko Muheza.

Shangazi yake Zuhura, Bi Tatu, akaja kutuombea kwa wazazi wetu. "Nampeleka Zuhura akamwone mamake mdogo. Nipeni na wenzake wamchangamshe." Mamangu alimtazama Bi Tatu kitambo, kisha akanigeukia mimi. "Haya. Ukifika kwa watu usidokoe."

Ilikuwa masika. Mvua ilitupokea hata hatujatoka mjini, na paa la basi likivuja. Bi Tatu alikuwa na kikapu cha machungwa ya Muheza, zawadi ya wenyeji. Tulipovuka mpaka, shimo moja likakifumua kikapu, machungwa yakabingirika hadi miguuni kwa dereva. Abiria wakaokota, wakamenya, wakamshukuru Bi Tatu kwa ukarimu wake, naye akiitikia huku meno ameyakaza. Mariamu akatapika juu ya kanga yake mpya. Pale Likoni, Zuhura aliinama ukingoni mwa feri azione meli za Kilindini, kubadhi lake moja likamponyoka mguuni likaenda na maji. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Tulitegemea Bi Tatu atamzaba kofi. Akasema tu, "Wacha. Utanunuliwa mengine." Hakuwa mtu wa kusamehe hivyo, lakini nani angeuliza?

Mama mdogo, Bi Saida, alikaa Mji wa Kale, nyumba kubwa yenye ngazi za mbao na giza mchana kweupe. Hakujaaliwa mtoto. Jioni ya kwanza alituita kutoka jikoni, "Ndooni mle!" Kumbe kwa Kimvita ametuita tukale. Sisi tukasikia ndani ya ndoo ile. Mariamu akaenda kuchungulia ndoo ya maji, akarudi kusema haoni kitu. Hata Bi Saida alicheka siku hiyo.

Tukatembezwa. Tuliiona Ngome na mizinga yake inayotazama baharini, tukaona milango ya nakshi, tukala viazi karai kwa ukwaju Marikiti huku tumejikunyata chini ya mwavuli mmoja. Mvua haikukatika. Kila tuliporudi, Bi Saida alimkalisha Zuhura kwenye mkeka, akamfumua nywele na kumsuka upya. Akamshonea na gauni, Zuhura peke yake. Mariamu na mimi tuliona wivu, tukanuna.

Asubuhi ya kurudi tulifunga vifurushi vyetu. Zuhura naye akafunga chake, akawa wa kwanza mlangoni. Bi Tatu akakichukua kifurushi kile mkononi mwake, akakirudisha ndani.

"Wewe unabaki, mwanangu."

"Nabaki mpaka lini, shangazi?"

"Kwenu ni hapa sasa. Mama mdogo ndiye mama."

Zuhura alimtazama Bi Saida, akatutazama sisi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akanishika mkono, akasema polepole, kama mtu mzima, "Mwambieni bibi nguo zangu ziko kambani. Mvua itaziozesha."

Bi Tatu akatuvuta ngazini. Ndipo juu tukasikia kilio cha Zuhura, na Bi Saida akilia pamoja naye.

Tukapanda basi la kurudi, Mariamu na mimi. Tulijua sasa kwa nini tulichukuliwa: Zuhura asingekubali kupanda basi bila sisi. Kufika Tanga, tukaenda moja kwa moja kwa bibi, tukampa shikamoo na ule ujumbe. Bibi alikuwa ameketi barazani, macho mekundu.

"Nimeshazianua, wajukuu zangu," akasema, akaingia ndani. Uwanja ule hatukuuchezea tena. Nilipomuuliza mamangu kama alijua, alinijibu, "Mambo ya wakubwa hayo. Nenda ukale."

Miaka ikapita. Bibi alipofariki, Zuhura alikuja, sasa mke wa mtu, mazishi yamekwisha. Alinipa mkono kama mgeni, na lugha yake imegeuka ya Mvita. Nikamuuliza alivyolelewa.

"Vizuri," akasema. "Wallahi sikukosa kitu. Alinipenda." Akakunja pindo la buibui. "Lakini mpaka leo mtu akiniambia twende tukatembee, siendi."

Wajukuu zangu huenda Mombasa siku hizi kama wanakwenda sokoni. Kabla ya kutia mguu garini hudai waambiwe watalala wapi na watarudi siku gani, na mama yao husimama kuwajibu. Nami huwacheka: kizazi cha maswali, sisi tungepigwa. Wa rika langu tukikutana hupenda kusema kwamba zamani ndiyo ilikuwa na upendo, mtoto alikuwa wa watu wote. Ni kweli, nami huitikia. Alikuwa wa wote. Na yeyote kati ya hao aliweza kumtoa, bila kumuuliza.