Sijampa Kitu

Nesi Agnetha alistaafu miaka sita iliyopita, lakini ukimkuta uani kwake mtaani Ipuli utadhani zamu yake haijaisha. Anaamka saa kumi na moja, anapiga pasi gauni la kushindia, na mtoto wa jirani akikohoa barabarani huitwa, akatazamwa ulimi, akarudishwa kwao na maagizo. Miaka thelathini na miwili katika zahanati ya kijiji upande wa Uyui ilimwachia magoti mabovu, pensheni na sauti. Sauti ndiyo watu wanayoikumbuka. Walikuwa wakisema Nesi Agnetha akikuuliza jambo, unajikuta umekosa hata kama hukukosa. Mwenyewe alilijua hilo na lilimpendeza. Aliliita nidhamu.

Mume alishafariki, watoto wako Mwanza na Dar, kwa hiyo nyumbani wanaishi wawili, yeye na paka. Ni dume la rangi ya majivu, nene, linaloitwa Mkaguzi, kwa sababu kila asubuhi lilikuwa likipita chumba hadi chumba kunusa pembe, kisha likakaa mlangoni kama linalojiandaa kuandika ripoti. Nesi ambaye hakuna mkaguzi wa wilaya aliyewahi kumtetemesha, huyu alimwogopa. Akichelewesha dagaa anasutwa kwa macho. Alimpenda sana, ila hakumwambia mtu, maana ukisema unampenda paka watu watakuuliza kama huna wajukuu.

Siku moja mwezi wa tatu Mkaguzi alirudi akichechemea. Pikipiki labda, au mbwa. Mguu haukuvunjika, ulivimba tu, lakini mnyama alilia mchana kutwa hadi Nesi akashindwa kuvumilia. Alifungua kopo lake la dawa, akachukua Panadol, akaikata robo, akaisaga kwenye supu na kumnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Jioni akampa robo nyingine. Kwa hesabu zake hiyo ilikuwa dozi ndogo, ya kitoto kabisa. Hakujua kwamba paka si mtoto, na kwamba kidonge kinachomtuliza mtu kwa paka ni sumu.

Kesho yake Mkaguzi hakukagua. Uso ulimvimba, ufizi ukageuka rangi ya udongo. Siku ya tatu weupe wa macho na ndani ya masikio vikawa vya manjano, na manjano yale Nesi alikuwa ameyaona kwa watu wengi mno kuhitaji kuambiwa. Ni ini. Alimwekea dagaa, paka akanusa akageuza kichwa. Akamwekea maziwa, akageuza kichwa. Akajikunja chini ya stuli ya jikoni, akawa anautazama ukuta.

Hapo Nesi akaanza kuishuku ile Panadol. Alichukua simu, akaandika maneno matatu kwenye mtandao, akasoma mstari mmoja tu. Akaizima na kuilaza kifudifudi mezani.

Bwana mifugo wa kata, kijana mpole aitwaye Nassibu, alifika siku hiyohiyo na pikipiki yake. Alizoea ng'ombe na kuku zaidi, lakini hakudharau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nyuma yake aliingia Levina, mpangaji wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo anayeuza migebuka, samaki wanaokuja na treni kutoka Kigoma. Uani wote walimwita Mama Mayala. Alikuja kutoa pole, kama majirani wanavyofanya.

Nassibu alimfunua paka kope, akamtazama ufizi, akampapasa tumbo. "Ini limeathirika," alisema. "Mama, kuna dawa yoyote umempa hapa nyumbani?"

Lilikuwa swali la Nesi mwenyewe, karibu neno kwa neno. Kwa miaka thelathini na miwili aliwauliza akina mama, "Umempa nini nyumbani?" nao wakitazama sakafu na kujibu, "Sijampa kitu, Nesi." Hapo alikuwa anachemka. Hakuwahi kuelewa mtu mzima anawezaje kudanganya wakati mwanawe anazimika mikononi mwake. Sasa alielewa, na haikumchukua hata dakika. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Mimi, nesi mzima, nibahatishe dawa? Sijampa kitu."

Nassibu akaomba radhi kwa kuuliza. Kisha akafikiri kidogo. "Basi huenda amekula panya aliyekula sumu. Kuna anayetega sumu hapa jirani?"

Levina alijishika mdomo. "Ni mimi," alisema. "Niliweka juzi, panya wananimalizia samaki. Jamani Nesi, nimekuulia paka wako!"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli, mlango umefunguliwa wazi. Nesi Agnetha alinyamaza, na wala tusimtetee. Alinyamaza akiwa na akili zake timamu, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Nassibu alimchoma paka sindano ya kuzuia damu isivuje, kama inavyofanywa kwa sumu ya panya. Akaeleza kwamba paka akikaa bila kula, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulisonga zaidi, kwa hiyo dawa kubwa ni chakula, hata cha kulazimishwa. Alishwe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na asikatiwe tamaa.

Siku nne zilizofuata Levina alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Sumu yote aliimwaga chooni, na panya wakarudi kwenye samaki wake kama wamealikwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alileta mgebuka mnono kuliko wote, akauchemsha, akatoa miba, akausaga hadi ukawa uji. Alimshika Mkaguzi kichwa huku Nesi akipenyeza bomba pembeni mwa mdomo. Nusu ilimezwa, nusu ilirudi ikachafua kanga zao. "Nisamehe, baba," Levina alimwambia paka. Kisha alimgeukia mwenye paka, "Nisamehe, Nesi."

"Basi, Mama Mayala. Yameshapita," Nesi alijibu kila mara, kwa ukarimu mkubwa.

Moyoni alijua anadanganya. Aliona haya kula mbele ya Levina, akaona haya hata kupokea shikamoo za watoto wa njia nzima. Jumapili, kwenye kwaya ya Moravian, wimbo ulipofika kwenye neno la toba alifungua mdomo na sauti ikakataa kutoka. Waliokuwa jirani walidhani ana mafua, wakamshauri tangawizi.

Siku ya tano Nassibu alirudi, akamkuta paka amekonda na bado hataki kula mwenyewe. Alikuwa amechoka, ametoka kuchanja ng'ombe tangu alfajiri. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo bombani hapo uani. Akamgeukia Levina.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Sumu ni kitu cha kuacha ovyo? Angekuwa mtoto je? Hebu tazameni, akina mama, tazameni huyu mnyama, halafu mkafanye kama huyu mwenzenu!"

Wanawake wakageuka kutazama. Levina aliinamisha kichwa, akawa anakunjakunja ncha ya kanga yake kwa vidole. Nesi Agnetha aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake kabisa, imevaa suruali tu.

"Mwache," alisema. "Sumu yake haikuhusika. Nilimpa Panadol mimi, robo mbili. Nilikudanganya."

Ndoo ilijaa pale bombani, ikamwagika, na hakuna aliyefunga maji. Nassibu alikuna kichwa.

"Ungeniambia siku ile, mama," alisema kwa upole. "Dawa yake ipo. Hata hospitali za watu zinayo. Lakini ni ya kuwahi."

"Na sasa?"

"Sasa tumebaki na kumlisha. Kama anameza, tusikate tamaa."

Akafunga begi, akaaga, akaondoka. Hakumfokea hata kidogo, na Nesi aliona afadhali angemfokea. Wanawake walibeba ndoo zao wakitazama chini, kwa heshima, na heshima hiyo ilimwasha mwili mzima.

Levina hakuondoka. Alivuta kigoda, akampakata Mkaguzi, akamshika kichwa kama siku zote.

"Nimekubebesha kosa langu, Mama Mayala," Nesi alisema. "Siku nne nzima. Nisamehe."

"Hunikumbuki, Nesi?"

"Nikukumbuke wapi?"

"Zahanati. Nilikuja na Mayala mgongoni, anaharisha. Ukaniuliza nimempa nini nyumbani, nikasema sijampa kitu. Ukanifungua pindo la kanga, ukatoa kichupa cha dawa ya mizizi, ukawaonyesha benchi zima. Walicheka."

Nesi alijaribu kukumbuka, akashindwa. Vichupa alivyowahi kuvionyesha vilikuwa vingi mno.

"Mayala alipona," Levina aliendelea. "Ulimtibu vizuri, siwezi kukataa. Aliyemfuata ndiye hakupona. Wa kike. Alikuwa na miezi tisa, anaanza kusimama. Alishikwa na homa, nikakaa naye ndani siku tatu."

"Sasa kwa nini hukumleta?"

Ilimtoka kwa haraka na kwa ukali, kidole kimeshainuka, kabla hajajua kwamba amefungua mdomo. Levina alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, wala machozi.

"Umesikia ulivyouliza?" alisema.

Nesi Agnetha alisikia. Bomba la uji lilikuwa limejaa mkononi mwake, na Mkaguzi ameshashikwa kichwa tayari, lakini mkono ulikataa kuinuka.