Makala Isiyonukuliwa na Mtu

Kazi yangu ni kuandika barua za watu wengine. Mwaka wa nne sasa mimi ni katibu muhtasi katika idara ya uzazi ya hospitali moja hapa Johannesburg. Bosi wangu ni profesa Mkenya, mwanamke, ambaye mbele ya watu hunisemesha Kiingereza, na mlango ukifungwa tunarudi kwenye Kiswahili, yeye cha Nairobi, mimi cha Morogoro. Nampenda, ingawa ana haraka ya kuchosha.

Mwaka jana aliomba cheo kikubwa. Kamati ilitaka orodha ya makala zote alizochapisha, na pembeni ya kila moja idadi ya mara ambazo watafiti wengine wameinukuu. Makala ikinukuliwa sana, maana yake imewafaa wengine. Isiponukuliwa, ni kama hukuandika. Ndivyo wasomi wanavyopimana, na sikuwahi kuwa na ugomvi nao.

Niliipanga orodha kwa siku tatu. Shinikizo la damu, kisukari cha mimba, watoto njiti. Namba zilikuwa nzuri, nami nikajivuna utadhani nimeandika mimi. Kisha nikafika kwenye makala fupi ya kurasa mbili, kuhusu mgonjwa mmoja tu aliyekuwa na uvimbe kwenye kondo la nyuma. Nikaifungua ili nihakiki mwaka. Mwanamke kutoka Afrika Mashariki, mimba ya kwanza, wiki ya ishirini na nne. Mgonjwa alieleza kwamba tumbo lilikuwa linakua haraka kuliko miezi yake.

Maneno hayo niliyasema mimi. Niliyasema miaka saba kabla, nikiwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali hiyohiyo, nikimweleza daktari kijana kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Chini yake palikuwa na picha ya kondo limelazwa kando ya rula. Kondo langu. Na kwenye safu ya manukuu, sifuri.

Nilifunga kompyuta nikaenda kujifungia chooni.

Lazima nieleze kwa nini iliniuma hivyo. Mwanangu alitoka akiwa amekufa, na kwa umri ule wa mimba sheria ya hapa haikumhesabu. Hatukupewa cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Hatukumzika, hatukujua hata kama tungeweza kuomba. Kisha yule daktari akaja na fomu, akasema kisa changu kikiandikwa kitawasaidia wanawake wengine. Siku ile ningesaini chochote, lakini sentensi ile niliishika, na nimeiegemea kwa miaka yote hiyo kuliko ninavyopenda kukiri. Sasa namba ilikuwa inaniambia kwamba hakuna aliyesaidiwa.

Alasiri hiyo Profesa alichungulia mlangoni. "Mama, zile ziko na sifuri, toa zote. Kamati haitaki wingi, inataka uzito. Nipatie Jumatatu asubuhi."

Nyumbani, Troyeville, nilimweleza mume wangu. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa siasa kutoka hapa Afrika Kusini. Alizaliwa kwetu Tanzania, akarudi nao huku akiwa kijana mkubwa. Ni mtu wa maneno machache. Alizima jiko kwanza.

"Eish, mke wangu. Ifute tu. Hiyo ni karatasi, si mtoto."

Nilimnunia Jumamosi nzima, nikafua hata mapazia yaliyokuwa safi. Jumapili nikaelewa kwamba hakuwa na ubaya. Nilijua pia kwamba makala yenyewe ingebaki mtandaoni, nifute nisifute. Lakini mwanangu alishatolewa kwenye hesabu mara moja, na mara hii mkono wa kumtoa ungekuwa wangu.

Jumatatu nilimpelekea Profesa orodha. Sifuri nyingine zote nilikuwa nimezifuta, moja nimeiacha. Hakuchukua hata dakika mbili kuiona.

"Hii umeisahau."

"Sijaisahau, Profesa. Siwezi kuifuta. Huyo mgonjwa ni mimi."

Aliifungua makala, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Hii kondo naikumbuka vizuri sana," akasema, na papo hapo akasikia alichokisema.

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Kondo alilikumbuka, mwenye kondo hamjui, na mwenyewe nakaa hatua tano kutoka mezani kwake kila siku. Nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza neno. Hakujitetea. Alivua miwani, akaiweka juu ya orodha.

"Nilikuwa nasimamia yule daktari. Kwa kitanda yako sikufika." Akaugusa kwa kidole mstari wenye sifuri. "Kamati itauliza hii inafanya nini hapa."

"Acha waulize."

Alinitazama, akachukua kalamu, akaisaini orodha kama ilivyo. Nilishukuru, nikageuka kuondoka, na nilikuwa nimeshashika kitasa aliponiita.

"Mama. Mlimpa jina?"

Kwa miaka saba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nililitamka. Akalirudia polepole, kwa sauti, bila kulikosea, na mimi nikakaa kwenye kiti cha wageni nikalia.