Dawa ya Colette Katika Barafu ya Samaki

Wakati wa vita Colette alivuka ziwa kutoka Kilwa, mji wa ng'ambo, mapajani amepakata mtungi wa mama yake. Ndani ya mtungi mlikuwa na chupa za insulini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na pale Kashikishi, alipouza samaki wakavu, alijitunza mwenyewe.

Mtungi aliujaza mchanga mbichi, akafukia humo kopo la chupa zake. Mtungi ukatoa jasho kivulini, dawa ikakaa baridi. Kipimo hakuwa nacho. Sisimizi wakijaa mahali alipokojoa, alijua sukari imepanda, akapunguza bukari, ugali wake wa muhogo. Leo nani anafinyanga mtungi kama ule? Vijana wanataka plastiki tu.

Mdogo wake Eddy alikuwa mchuuzi, akipeleka samaki wabichi mjini Mansa. Alipouona mtungi alicheka.

"Yaya, dada yangu, ungali na mambo ya bankambo, ya wazee wa zamani? Mu sanduku yangu ya barafu, samaki ya juzi macho ingali inang'aa. Leta hiyo dawa."

"Huu mutungi haujanidanganya hata siku moja, Eddy."

"Basi mutungi ikuoe!"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaangua kicheko. Colette aliona haya, akampa chupa zote azilaze katika barafu.

Barafu ya samaki hutiwa chumvi, ipate kuwa kali zaidi. Kila mchuuzi wa ziwa hili anajua hivyo, na anajivunia. Dawa iliganda kama jiwe.

"Ona sasa baridi ya kweli!" Eddy alisema akiigonga chupa kwa ukucha.

Ilipoyeyuka ilionekana ileile, na Colette akajidunga kama kawaida. Sisimizi wakarudi. Akapunguza bukari, wakazidi. Akaacha kula kabisa. Kiu ikamshika, akawa anainama kwenye ndoo kama ng'ombe, huku akikonda.

"Ni mimi," alituambia sisi majirani zake. "Mwili wangu ni mubaya. Dawa ni nzuri, imelala mu barafu."

Eddy alimfikisha hospitali amembeba mgongoni, hajibu tena akiitwa. Muuguzi aliuliza dawa ilihifadhiwa wapi. Akaambiwa.

"Ikishaganda, imekufa," alisema. "Amekuwa akijidunga maji."

Colette alifariki kabla ya jua kutua.

Tulipotoka makaburini, Eddy alichota mchanga ziwani, akaulowesha, akaujaza kwenye mtungi. Kisha akatoa chupa zilizobaki katika barafu na kuzifukia humo, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka.