Kiatu Kilichobaki Kizima

Siku moja ya Februari pale Kaaga, Meru, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka kidole gumba cha mguu wangu wa kulia huniwasha. Usicheke. Jana ulirudi kutoka uwanjani umenuna, ukatupa glovu juu ya kiti changu, ukasema mwamuzi amekuonea kwa sababu alikataa mirusho yako miwili. Nilikuacha ule kwanza, maana wewe ukiwa na njaa huambiliki. Sasa umekula, umelala, kumekucha. Kaa hapo. Anayezungumza nawe ni mtu aliyekataliwa mrusho huohuo mbele ya shule nne, na akakataliwa kwa haki.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni karibu na mji wa Embu. Nilitoka Gachoka, kwenye joto, na mkono wangu ulikuwa umekomazwa na kazi ya kurusha mawe kufukuza ndege kwenye shamba la mawele. Mwalimu Njeru, aliyetufundisha jiografia na softboli, aliuona mkono huo wiki ya kwanza ya kidato cha pili akanipa mpira. Kufikia muhula wa pili nilikuwa mrushaji wa timu, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Sheria unaijua, lakini nitaisema, kwa sababu kuijua na kuisikia ikisemwa na mtu mwingine ni mambo mawili. Mrushaji huanza akiwa amekanyaga kibao. Chetu kilikuwa kipande cha tairi la lori kilichopigiliwa misumari chini. Mkono unazunguka, mguu wa kushoto unapiga hatua mbele, na ule wa kulia uliokuwa kwenye kibao lazima uburutwe, ncha ya kiatu ikichora mstari kwenye udongo. Ukiuinua ukaruka, umemsogelea mpigaji na kumpunguzia muda wa kuuona mpira. Huo mrusho si halali. Mpigaji anahesabiwa mpira mmoja kwa faida yake, na kila aliye kwenye beisi anasogea mbele bure.

Sasa sikia. Nilikuwa na raba pea moja. Mama aliuza mbuzi, yule jike aliyekuwa akimwita kwa jina, ndipo raba zikanunuliwa. Siku ya kunifungia sanduku aliziweka juu kabisa, akaniambia kwa Kimbeere kwamba lazima zinifikishe kidato cha nne. Hakuongeza neno, na mama yangu alikuwa mtu wa kuongeza maneno.

Wiki za kwanza niliburuta mguu kama nilivyofundishwa. Halafu jioni moja nikaona nyuzi za ncha ya kulia zimeanza kuachia. Kuanzia kesho yake nikawa nainua mguu. Kidogo tu, upana wa kidole. Sikuwa na nia ya kumwibia mtu. Nilikuwa namlinda mbuzi wa mama. Kosa langu lilianza likiwa limevaa sura ya adabu, mwanangu, na ndiyo sababu sikulikimbia.

Kumbe ukiruka, mpira unaenda kasi zaidi. Wapigaji wakaanza kukata hewa. Shule ikaanza kuimba jina langu kwenye foleni ya chakula. Ule upana wa kidole ukawa upana wa kiganja, na mimi nikasahau kabisa habari ya nyuzi. Nilikuwa naruka kwa sababu ya kushinda.

Nilimwambia Mwalimu Njeru mara moja, nikiwa bado na haya kidogo. "Mwalimu, nafikiri huu mguu wangu unaruka."

"Wacha hiyo mguu," akasema. "Mpira si inaingia? Wewe rusha."

Uwanja wetu ulikuwa na nyasi. Kwenye nyasi mstari hauonekani, na hata ukikosekana hakuna wa kuutafuta.

Pale Kaaga, zilipokutana shule nne, mambo yalikuwa mengine. Uwanja ulikuwa umepitishwa greda wiki hiyohiyo, udongo mwekundu mtupu, laini kama unga. Tulicheza na timu ya wasichana wa Meru, na kila mtu alijua kwamba baada ya mechi hiyo wangeanza kuandika majina ya watakaojaribiwa kwa timu ya mkoa. Mimi sikutaka kitu kingine duniani. Nilikuwa nimeshamwandikia mama barua kwamba nitachaguliwa. Ona ujinga huo.

Mwamuzi wa nyuma ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, alikuwa mwalimu mmoja wa kutoka Maua, hukohuko Meru, jina lake Zuhura, mfupi, kilemba cheupe chini ya kofia, binti wa watu wa kuendesha malori. Katika awamu ya tatu, tulipokuwa tunabadilishana, alinijia akainamisha kichwa ili wengine wasisikie.

"Binti, mguu wako wa kulia unaondoka chini. Uburute. Nimekuonya kwa heshima."

Nikamtazama Mwalimu Njeru kule pembeni. Alikunja uso na kunipungia mkono, kama kusema, endelea tu. Mimi nikaendelea. Nataka uelewe kwamba hapo sikuwa tena mtoto anayelinda raba. Nilikuwa nimeonywa, nimesikia, nimeelewa, na nikaamua kupima kama mwanamke yule ana ubavu wa kunikataza.

Alikuwa nao. Awamu ya tano alinyoosha mkono akakataa mrusho wangu, watu wakazomea. Akakataa mwingine katika awamu ya sita. Awamu ya saba, ya mwisho, tulikuwa sare, na msichana wao alikuwa beisi ya tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, ambako akifika ni pointi. Nilikuwa na hasira ya kupasua jiwe. Nikazungusha mkono, nikaruka kuliko nilivyowahi kuruka, mpira ukampita mpigaji hajainua hata gongo. Nikapiga kelele ya ushindi.

Mwalimu Zuhura alikuwa amesimama wima, mkono umenyooka. Yule wa beisi ya tatu akatembea nyumbani. Hakukimbia, mwanangu. Alitembea. Ndivyo tulivyoshindwa, kwa pointi ambayo hakuna mtu aliyeipiga.

Mwalimu Njeru alikuja juu. Akasema mwamuzi ni wa upande wa Meru, amekula njama na wenyeji. Wenzangu wakaitikia, na mimi nikaitikia kuliko wote. Mwalimu Zuhura hakubishana. Alimpeleka Mwalimu Njeru mpaka mbele ya kibao cha kurushia akamwonyesha chini. Upande wa kibao aliposimama mrushaji wao kulikuwa na mistari, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyekuwa akichora kwa kijiti. Mirusho yangu ya awamu ile ilikuwa imeacha shimo la pale ninapotua, na nyuma yake udongo haukuguswa. Mwalimu Njeru aliondoka akitafuta dereva wetu.

Nikabaki na Mwalimu Zuhura. "Vua kiatu cha kulia unipe," akasema.

Nikavua. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ncha. "Nimewaona warushaji wengi. Wote kiatu hiki kimetoboka hapa. Chako kizima. Kwa nini?"

Mwanangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Walikuwa wameona mkono, wakaona mpira, wakahesabu pointi. Nililia pale mbele ya watu wa Kaaga nikamweleza yote: nyuzi, sanduku, mbuzi na jina lake. Nilidhani sasa atanihurumia, labda ajute.

"Ungesema," akanijibu. "Neno moja tu ulikosa kusema. Sasa nisikilize. Sheria haimjui mbuzi wa mama yako. Mimi nimeshamjua, na ninasikitika. Lakini nikiwa nyuma ya kile kibao nitakukataza tena na tena, mpaka uchoke au uache. Umemwona yule?"

Alinionyesha mrushaji wa Meru. Alikuwa ameketi chini peke yake, wenzake wakiimba, anafunga kidole gumba kwa kitambaa. Raba yake ilikuwa imepasuka mbele kama mdomo wa kuku mwenye kiu, na soksi ilikuwa na damu.

"Anaitwa Kanana. Na yeye ana mama. Nikikuachilia wewe, yeye nimwambie nini?"

Nilivaa kiatu changu kizima nikapanda gari, na aibu ile nilifika nayo mpaka Embu.

Hata hivyo jina langu liliandikwa. Wiki tatu baadaye nilipaswa kujaribiwa Embu, na Mwalimu Njeru akasema tusibadilishe kitu, tuombe tu mwamuzi awe mwingine. Nilimwambia hapana. Jumamosi nikaomba ruhusa nikaenda mtaa wa Majimbo, mjini Embu, kwa mzee mmoja fundi wa viatu, nikamwuliza kama ncha ya raba inaweza kulindwa. Alikata kipande cha tairi, akakishona mbele kwa uzi wa nailoni, kazi ya muda wa kunywa chai. Hakutaka malipo, alitaka nimweleze softboli ni mchezo gani na kwa nini wasichana wanaburuta mguu kama kuku aliyevunjika. Nilitoka pale nikicheka na kujilaani. Mwaka mzima wa kuruka, na dawa yake ilikuwa kushonwa na mzee mmoja huku anauliza maswali.

Lakini mguu ulikuwa umeshazoea. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Niliomba majivu jikoni, nikayamwaga mbele ya kibao kila asubuhi kabla ya kengele. Mdakaji wangu Wambeti hakuwa na huruma hata chembe. Nikirusha, alikuwa haangalii mpira, anatafuta mstari kwenye majivu.

"Hakuna laini. Rudia."

"Wambeti, mkono umechoka."

"Si mkono nauliza. Rudia!"

Kasi ilinishuka vibaya. Timu ya pili, watoto wa kidato cha kwanza, wakaupiga mpira wangu mpaka kwenye ua wa mwalimu mkuu. Waliokuwa wakiimba jina langu kwenye foleni sasa walinyamaza. Kuna jioni nilitaka kuacha kabisa. Lakini nilikuwa nikikumbuka ile soksi, nafunga kibwebwe tena. Nilijifunza kuupeleka mpira mahali badala ya kuupeleka haraka tu.

Siku ya kujaribiwa, nani yuko nyuma ya kibao? Mwalimu Zuhura. Hakunisalimu kama tunajuana. Na mechi ile, sijui ni nani huzipanga hizi, ilifika mahali palepale: sare, awamu ya mwisho, mtu beisi ya tatu. Nilijua kabisa kwamba nikiruka mara moja tu mpigaji hatauona mpira. Mguu wenyewe ulikuwa unaniomba. Nikaukandamiza chini nikauburuta, nikasikia tairi linakwaruza udongo, na mpira ukaenda pale nilipoutaka.

Akaupiga. Aliyekuwa beisi ya tatu akakimbia, akafika nyumbani. Nikashindwa kwa pointi moja, ileile.

Lakini safari hii aliikimbilia. Niliinama nikaangalia mbele ya kibao changu, mstari upo, mrefu, mwekundu. Mwalimu Zuhura alipokuwa akitoka uwanjani alipita hapo. Alipofika kwenye ule mstari aliinua mguu akauvuka, hakuukanyaga, akaenda zake. Sijawahi kupewa zawadi nyingine nikaifurahia kama ile.

Walinichagua mrushaji wa pili. Wa kwanza alikuwa Kanana. Alipokuja Embu kwa kambi ya timu nilimshika mkono moja kwa moja mpaka Majimbo kwa yule mzee, nikamwambia, "Huyu naye anaburuta." Alicheka, akakata tairi.

Na raba za mama zilinifikisha kidato cha nne. Kilichoisha ni kile kipande cha mbele, mara mbili.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema waziwazi ili usije ukasema hukuelewa. Ukipungukiwa na kitu, sema. Sema mapema, kabla upungufu haujakufundisha mbinu ya pembeni, kwa sababu mbinu hiyo ukishaizoea utasahau ilitoka wapi na utaanza kuiita kipaji. Mwamuzi akikukataza, angalia chini kwanza kabla hujamwangalia yeye usoni. Na ukiambiwa na mkubwa wako uendelee tu kwa kuwa mpira unaingia, hata awe mwalimu, hata awe mimi, mwambie hapana. Upande wa pili kuna msichana anayeburuta mguu mpaka damu inatoka. Sheria ile iliwekwa kwa ajili yake, na siku nyingine utakuwa wewe.

Kuna jambo la mwisho. Asubuhi nilipokuwa nikifagia niliokota kiatu chako cha kulia. Nilikigeuza. Ncha yake ni nzima, mwanangu, haina hata mkwaruzo. Mimi sikugombezi. Nakuuliza tu, kama nilivyoulizwa: kwa nini? Unalinda nini? Niambie hapahapa, na kama ni jambo la kushona, bado kuna mafundi Embu.

Haya, shika glovu yako. Mungu aubariki mkono wako huo, na mguu wako aushike chini.