Kwinini ya Watu Hamsini na Wanane

Mimi hakuna tena jambo la kunishangaza. Chuoni sikuvuka juzuu ya pili, nilitoka kwetu na kanzu moja, na leo nina duka la bati Tibirinzi, kando ya mji wa Chake, na mizani yangu mwenyewe ya karafuu. Waliosoma huja kwangu kuuliza bei.

Kwetu ni ndani huko, ukishapita Ole. Nilikuwa mdogo shehe mmoja alipokusanya nyumba kumi, wakafyeka msitu, wakalishana yamini: shamba moja, ghala moja, chungu kimoja. Mtu hana chake. Kinachoingia, hata kuku, kinagawiwa sawa kwa vichwa vyote. Nilipobaleghe niliuza pishi mbili za karafuu kwa siri nikanunua viatu. Wakanivua viatu hivyo, wakanifukuza. Mama akabaki nao.

Wakati wa vita homa iliingia kule, mama akalala. Nikanunua chupa ya kwinini, dawa ya malaria, vidonge thelathini, kwa bei ya vita, nikapanda baiskeli. Mzee wa ghala alinipokea chupa mlangoni, akatoa kisu.

"Vichwa hamsini na vinane," alisema. "Nusu nusu."

"Mzee wangu, mgonjwa ni mama!"

"Wagonjwa kumi na mmoja, tajiri. Na wazima wana haki yao. Au umesahau? Miguu yako imezoea viatu."

Watu wakacheka. Akavikata vyote, nusu mbili zilizozidi akaziweka akiba, na mtoto mzima anayecheza akapewa nusu yake sawa na mama.

Kesho yake nilirudi na vidonge vinne nimevificha ndani ya kofia. Nikamtia mama kimoja mdomoni. Akakitema kiganjani.

"Peleka ghalani."

"Mama, utakufa."

"N'takufa na wenzangu, mwanangu. Weye utakufa na nani?"

Nilitoka na hasira. Hesabu hainishindi: mtu mmoja anataka nusu chupa apone, na mama hatakunywa mpaka wapate wote, wazima kwa wagonjwa. Nikasema, mimi niwatibu walionivua viatu mbele ya watu? Siku tatu nilikaa dukani nikipima karafuu, na wateja nawafokea. Ya nne moyo ulinishinda. Nikazunguka maduka yote ya Wahindi pale Chake, nikakomba kwinini mpaka ikatosha vichwa vyote, nikaifunga nyuma ya baiskeli.

Mzee wa ghala alikuwa amekaa kibarazani. Safari hii hakucheka.

"Mama tumemzika asubuhi. Tulikutumia mtu, mmepishana njiani."

Nikamwambia nimeleta sanda nzuri, nimeinunua pamoja na dawa kwa kuhofia nimechelewa. Akasema sanda alipewa ya ghala, kama wenzake. Kisha akaanza kuhesabu chupa, taratibu, akigawa kwa vichwa hamsini na saba. Nusu chupa iliyozidi, fungu la mama, akaiweka akiba. Wagonjwa wengine wote walipona.

Sanda nilirudi nayo. Kwinini ilikuwa chupa ishirini na tisa, kila moja shilingi saba na nusu: shilingi mia mbili na kumi na saba na senti hamsini.